Mwenye Msiba Haimbi

Evaristi alikuwa tarishi wa ofisi ya kata kwa miaka tisa, na kama unadhani tarishi ni mtu wa kubeba barua tu, basi hujakaa Ufipa. Barua zilikuwa chache. Kazi yake kubwa ilikuwa vifo. Mtu akifa Kirando huko ziwani, au Mpanda, au mjini Sumbawanga hospitalini, habari ilipigwa kwa redio ya serikali mpaka bomani. Bomani waliiandika kwenye kikaratasi, kikaratasi kikaletwa kwa Katibu Kata, Ndugu Oswaldi, naye akamwita Evaristi. "Peleka," alisema, neno moja tu. Evaristi alivaa koti lake la kaki, akapanda baiskeli, akaenda kuwaliza watu.

Lazima nieleze jambo moja la huku, maana bila hilo mengine yote hayataeleweka. Mfipa hampiti mtu njiani. Mkikutana unasimama, unachuchumaa kama ni mkubwa wako, unapiga makofi taratibu, kisha unauliza. Umeamkaje? Watoto wameamkaje? Bibi yenu mgonjwa ameamkaje? Ng'ombe je? Ukishajibiwa, mwenzako naye anaanza zamu yake. Watu wa Mbeya waliohamia kwetu kwa kazi za serikali walikuwa wakinung'unika kwamba kwenda sokoni kununua chumvi ni safari ya nusu siku. Shauri yao. Mtu mmoja tu aliruhusiwa kupita bila kusalimu, naye ni mwenye habari ya kifo. Huyo hukimbia kimya mpaka afike kwa mwenyewe. Kwa hiyo mtu mzima akionekana anakimbia na hasemi na mtu, hakuna anayeuliza. Watu wanaweka majembe chini, wanamfuata.

Sasa fikiria kazi hiyo kwa miaka tisa. Watoto walikuwa wakiacha mchezo wakiiona baiskeli yake. Kina mama waliokuwa wakicheka kisimani walinyamaza mpaka apite, halafu utasikia mmoja anasema, "Leo siyo sisi." Alipokuwa na umri wa miaka arobaini, Evaristi alianza kuuogopa mlango wowote uliofungwa. Alibisha hodi, na kabla haujafunguliwa moyo ulianza kumwenda mbio, vidole vikafa ganzi, pumzi ikagoma kushuka kifuani. Aliamini anakufa. Aliamini hivyo kila mara, na kila mara hakufa, lakini hilo halikumfariji hata kidogo.

Basi akaanza kujihurumia. Aliona kwamba akitembea haraka moyo unadunda, na ukidunda anakumbuka yale mambo ya mlangoni, kwa hiyo akaacha kutembea haraka. Baiskeli akaikokota badala ya kuipanda. Shamba la kijiji akaenda na jembe begani, akaketi kivulini akisema mgongo unamuuma. Watu wakamwita mvivu, na miaka ile ya Ujamaa mtu akikuita mvivu hadharani ni bora akuite mwizi. Mke wake, Zita, aliamini amerogwa. Nani atamlaumu? Mume anatembea kama kinyonga na hana kidonda.

Halafu yakatokea ya Zenon.

Zenon alikuwa mvuvi Kirando, mdogo wake Bertilla. Bertilla mwenyewe aliolewa kwetu, upande wa Malangali, ng'ambo ya kijito, mama wa watu, mwenye shamba safi kuliko wote. Mwezi wa kwanza mwaka sabini na saba Zenon alizama. Kikaratasi kilifika ofisini saa moja asubuhi, na lori la kwenda Kirando lilikuwa likiondoka sokoni saa tatu. Muda ulitosha kabisa. Evaristi alitoka akiikokota baiskeli, akafika kwenye kijito, akaiona nyumba ya Bertilla kule juu ina moshi, na moyo ukamkamata. Akaketi kwenye majani. Alisema moyoni, nipumzike kidogo. Jua lilipanda, likasimama utosini, likaanza kushuka, naye yupo pale pale ameshika kikaratasi mpaka wino ukaingia kiganjani. Alipofika kwa Bertilla ilikuwa saa kumi jioni. Zenon alizikwa kesho yake na dada yake hakumtupia hata konzi ya udongo.

Bertilla hakumtukana. Alifanya vibaya zaidi. Tangu siku ile, kila walipokutana, alimjibu "tumeamka," basi, mikono imening'inia ubavuni. Hakumpigia makofi. Kwa Mfipa hilo ni kama kumfunga mtu mlango usoni, na Evaristi alijua amestahili.

Katibu Oswaldi alimwita ofisini. "Ndugu Evaristi," alisema, "nimekutetea. Wazee walitaka uondoke leo. Ukikwama mara ya pili, utavua koti hilo na kuliacha hapo mezani." Evaristi akasema ndiyo. Lakini hakuwa akiwaza koti. Alikuwa akiwaza kwamba mama yake Bertilla, bibi Cornelia, yupo Kirando, mzee sana, anaumwa, na siku yake ikifika habari itapita mikononi mwake yeye.

Alikwenda zahanati. Mganga pale alikuwa Tuntufye, kijana wa Tukuyu, mwembamba, mwenye maneno mengi. Alimpima kifua mbele na nyuma, akamsikiliza kwa muda mrefu, kisha akavua vile vyombo masikioni.

"Moyo wako mzima," alisema.

"Mzima vipi, daktari? Unataka kunitoka!"

"Njoo hapa nje." Zahanati ilikuwa na ngazi tano za saruji. "Panda, shuka. Mara ishirini. Upesi."

"Nitakufa."

"Ukifa nitaandika mimi mwenyewe kikaratasi. Panda."

Evaristi akapanda na kushuka, mbele ya wagonjwa wote waliokuwa kwenye foleni. Alipofika ya kumi na mbili aliona giza la hofu, akataka kukaa. Tuntufye akamshika mkono akapanda naye. Alipomaliza, jasho linamtiririka, kijana akamshika kifundo cha mkono akahesabu.

"Sasa unakwenda mbio. Umekufa?"

"Bado."

"Huu unaodunda sasa na ule unaodunda mlangoni ni moyo mmoja, ndugu yangu. Wewe umeufungia ndani kama mbuzi wa sikukuu, na kila ukitikisika kidogo unashtuka. Ugonjwa wako ni wasiwasi, na wasiwasi hauna kidonge hapa kwangu. Kila asubuhi kimbia. Nyumbani kwako mpaka kijitoni, upandishe mpaka juu, urudi. Usisimame. Moyo uzoee kwenda mbio, na wewe uzoee kuusikia." Akaongeza, "Na ukisikia hofu inakuja, usiikimbie. Kimbia nayo."

Usisimame. Hapo ndipo kijana wa Tukuyu alipokosea, maana hakujua analolisema.

Kesho yake, kabla umande haujakauka, Evaristi alitoka mbio. Alipishana na wazee wawili, akakumbuka amri ya daktari, akawapita kimya. Akawapita wanawake wenye majembe. Akavuka kijito, akapandisha. Bertilla alikuwa shambani akigeuza majani kuyafanya matuta ya mviringo, kazi ya mvua zinapokaribia mwisho. Aliinua uso akamwona tarishi, anakimbia, hasalimu, anakuja kwake. Jembe likamtoka. "Mama! Mama yangu!" Kilio alichokitoa kilisikika mpaka Kizwite.

Evaristi alimsikia lakini alikuwa ameshampita, na ukweli niseme, hakuelewa. Alikuwa ameshughulika na kifua chake. Moyo ulikuwa ukidunda, hofu ilikuja, yeye akaendelea, na hofu ikachoka kabla yake. Ilikuwa mara ya kwanza. Alifika juu akageuka akiwa karibu kucheka. Aliporudi alikuta njia nzima haina mtu, akashangaa. Kufika kwake, kumbe kijiji chote kiko uani: kwa kuwa hakusimama kwa mtu yeyote, wamekuja kumngoja nyumbani aseme ni nani. Wanaume wameleta kuni. Wanawake wameleta unga wa ulezi na vyungu. Katikati ameketi Zita amejifunga kanga kichwani, analia kwa sauti yote, na ukimwuliza anamlilia nani hajui, ila amewakuta wenzake wanalia akaona siyo adabu kunyamaza. Na Bertilla amesimama mlangoni, macho mekundu, anamngoja.

"Sema," Bertilla alisema. "Leo angalau sema mapema."

"Hakuna," Evaristi alijibu, anahema. "Hakuna aliyekufa. Ni mazoezi."

"Ni nini?"

"Mazoezi. Daktari amesema."

Jamani! Kimya kilichoanguka pale, hata kuku waliona haya. Kisha mzee Gaudensi, balozi wa nyumba kumi, akacheka, na wengine wakafuata, na wengine wakakasirika, maana shamba la kijiji lililala siku nzima na kuni walizobeba zilikuwa za mbali. Bertilla hakucheka wala hakukasirika. Alijifunga kanga yake vizuri akaondoka. Evaristi alitamani amtukane.

Jioni balozi aliitisha kikao. Wengi walitaka tarishi apigwe marufuku kukimbia. Mtu mzima na watoto wake, anakimbia nini, anafukuzwa na nani? Tena ni yeye, mwenye miguu ya misiba! Evaristi alisimama. Hakuwa msemaji, lakini siku ile alisema yote, mbele ya watu: vidole vinavyokufa ganzi, milango, kijito, jinsi alivyokaa kwenye majani na kikaratasi cha Zenon akidhani anakufa. "Nilimkosesha mtu kumzika ndugu yake," alisema, "kwa sababu niliogopa. Leo nimepita pale pale mbio, sikukaa. Mkinikataza, siku nyingine nitakaa tena."

Bertilla alikuwa amekaa upande wa wanawake, anatazama chini.

Ndipo Zita, aliyekuwa bado na aibu ya kulia bure, akasema kwa hasira, "Si aimbe! Watoto wa shule wanakimbia mchakamchaka kila asubuhi, mbona hamwendi kuwalilia? Mwenye msiba haimbi. Aimbe tujue mzima."

Wazee wakatazamana. Mwenye msiba haimbi, hilo halina ubishi. Balozi akauliza, "Na salamu je? Atatupita bila salamu kama ng'ombe?"

"Aziimbe hizo hizo," Zita akajibu.

Ikapita hivyo. Mwanamume wa miaka arobaini na moja, sauti yake kama mlango wa ghala, akatakiwa aimbe salamu njia nzima. Siku ya kwanza aliona afadhali kufa. Alitoka, akameza mate, akaanza: "Gaudensi eee, mmeamkaje? Watoto eee, wameamkaje?" Mzee Gaudensi alikuwa mlangoni kwake akisugua meno kwa mswaki wa mti. Akautoa mdomoni, akapiga makofi kufuata miguu ya mkimbiaji, akajibu kwa sauti, "Tumeamka eee, sijui ninyi!" Wanawake njiani wakaangua kicheko, wakajibu nao. Wiki ya pili walikuwa wakimngoja. Akichelewa, wanalalamika kwamba hawakusalimiwa.

Na kuimba kulimsaidia, hata Tuntufye alikiri, kwani anayeimba lazima avute pumzi, apende asipende. Mwezi wa nne Evaristi alipanda tena baiskeli. Mwezi wa tano alivuna kwenye shamba la kijiji mpaka Katibu akamwambia apumzike. Sisemi hofu iliisha. Ilikuja, hasa akikaa bure jioni, ikamkaa kifuani kama mgeni asiyeaga. Lakini alikuwa ameshaijua sauti yake. Vikaratasi viwili vya msiba alivipeleka, akafika, akasema.

Ila nyumba moja haikumjibu. Kila asubuhi alipopandisha kutoka kijitoni aliimba, "Bertilla eee, mmeamkaje? Bibi Cornelia, ameamkaje?" Na kila asubuhi Bertilla aliendelea na kazi yake, mgongo umegeuka. Evaristi hakuacha kuimba. Miezi mitano alimsalimu mgongo.

Mwezi wa saba, baridi ya kwetu ile inayopasua midomo, Katibu Oswaldi alimwita saa moja kasoro robo. Alikuwa na kikaratasi. Hakusema "peleka." Alisema, "Cornelia. Alfajiri hii. Wanazika kesho baada ya misa. Lori ni saa tatu." Kisha akamtazama. "Baiskeli yako?"

"Imepata pancha jana."

"Nitume mtu mwingine?"

Evaristi alikichukua kikaratasi. "Nitafika," alisema.

Alikimbia. Hakuimba, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee Gaudensi aliinua mikono apige makofi, akaishusha. Wanawake walijitenga pembeni ya njia. Kwenye kijito hofu ilimngoja mahali pake pa zamani, kwenye yale majani, na ilimrukia yote kwa pamoja: vidole, kifua, pumzi. Aliiona nyumba kule juu ina moshi, vile vile kama mwezi wa kwanza. Akasema kwa sauti, "Unadunda kwa sababu nakimbia." Haikuwa kweli yote, na alijua. Akavuka. Akapandisha.

Bertilla alikuwa uani akipepeta ulezi, amempa mgongo kama kawaida. Upepo ulikuwa ukivuma toka upande wake, kwa hiyo hakujua kama kuna wimbo au hakuna. Alisikia miguu tu, ile miguu ya kila siku. Na asubuhi ile, sijui kwa nini ile na siyo nyingine yoyote, aliweka ungo chini. Akageuka. Akaanza kupiga makofi, taratibu, kufuata hatua zake, na uso wake ukawa wa mtu aliyechoka kununa. "Tumeamka eee!" aliimba. "Evaristi eee, watoto wameamkaje?"

Miezi mitano Evaristi alikuwa ameyangoja makofi yale.

Akasimama. Hakuwahi kusimama pale hata siku moja, na alipomwona amesimama, mikono ya Bertilla ilibaki hewani.

"Ni mama," alisema Bertilla.

Evaristi alichuchumaa mbele yake kama mtu anayesalimu. "Ni mama. Amefariki alfajiri. Wanazika kesho baada ya misa."

Bertilla hakupiga kelele. Kwanza aliuliza, "Saa ngapi sasa?"

"Saa moja na nusu haijafika."

"Lori?"

"Saa tatu."

"Nitawahi?"

"Utawahi. Funga nguo zako. Mimi natangulia sokoni, dereva hataondoka bila wewe." Hapo ndipo Bertilla alipolia, na wanawake waliokuwa wamemfuata Evaristi toka njiani walikuwa wameshaingia uani, wakampokea. Evaristi aligeuka akashuka mbio mpaka kijitoni, akavuka, akaenda sokoni, maili tatu, akasimama mbele ya lori na mikono yake miwili kwenye boneti. Dereva alitaka kuondoka kabla ya saa, akamtukana matusi ya kila aina. Evaristi hakuondoa mikono. Bertilla alifika saa tatu kasoro dakika kumi, akapandishwa juu ya magunia, lori likaondoka.

Alimzika mama yake. Alirudi baada ya siku tisa, amenyolewa nywele.

Kesho yake asubuhi Evaristi alipandisha kutoka kijitoni bila kuimba, kwa heshima ya msiba, akikusudia kupita taratibu. Bertilla alikuwa amesimama katikati ya njia. Akamwinulia mkono asimame, akasimama. Bertilla ndiye mkubwa kwa miaka, lakini alichuchumaa, akapiga makofi, yale mazito ya heshima, akaanza kuuliza mmoja mmoja kama inavyotakiwa. Umeamkaje? Zita ameamkaje? Watoto wameamkaje? Ng'ombe je? Alijibiwa yote. Mikono yake ilikuwa bado imekutana.

"Na moyo wako," aliuliza, "umeamkaje?"

Evaristi alifuta jasho usoni. "Umeamka," alisema.

"Haya, nenda," Bertilla alisema akiinuka na kushika goti. "Umesimama sana, jasho litakupoa."